Printa nyumbani bila kulia na wino: mambo niliyojifunza

Kwetu shule ikifunga tu, hata begi halijatua chini, simu inaanza kulia. Walimu wanamwaga pakeji za likizo kwenye grupu la wazazi, PDF ya hisabati, PDF ya sayansi, PDF ya Kiswahili, na chini yake ujumbe kwamba mtoto arudi nazo zimejazwa zote. Ukiwa na mtoto mmoja unapeleka stesheneri, unalipa, unasahau. Mi ninao watatu kila mmoja na darasa lake, na wa mwisho ndo yuko chekechea ambako kila kitu ni picha ya kupaka rangi, kwa hiyo kurasa zinafika mia na kitu kirahisi tu. Huku Tabata, Dar, stesheneri ninayoenda wanaprinti ukurasa mweusi kwa shilingi 200, wa kala 500, na ukiwa na kazi kubwa mnaelewana wanashusha ila jiandae kusubiri. Alafu juu ya hapo nina kabiashara kangu ka viungo vya pilau na chai, navifunga kwenye vipaketi na kila paketi inataka stika. Hapo ndo nikaanza kufikiria printa kwa umakini.

Printa ya kwanza kuingia ndani kwetu hatukuinunua. Aliileta shemeji yangu alivyokuja kutoka Marekani, kanyeupe kadogo kazuri, ila ya umeme wa volti 120 wakati wetu ni 230 kwahiyo ikawa inakaa na transfoma nzito kuliko yenyewe. Tukaprinti vizuri siku za mwanzo, mara wino kwisha. Nikashangaa, mbona mapema hivi? Fundi mmoja ndo akanielewesha kwamba katriji, yaani vile viboksi vya wino vinavyochomekwa ndani ya printa, zinazokuja na printa mpya mara nyingi ni za kuanzia tu, zinajazwa wino kidogo kuliko zile utakazokuja kununua dukani. Haya, nikaenda Kariakoo kutafuta nyingine. Nimezunguka na lile boksi tupu mkononi, kila duka jibu lilelile, "dada hii namba huku haiji." Baadaye nikaja kujua kuna makampuni yanagawa katriji kwa kanda, ya Marekani kivyake, ya Ulaya kivyake, ya kwetu kivyake, na printa iliyozoeshwa ya kanda moja inaweza kuikataa ya kanda nyingine hata kama umbo ni lilelile. Kwahiyo kama una ndugu anakuja na anauliza akuletee nini, mwambie alete viatu vya watoto, printa nunua hapahapa ambako na wino wake unauzwa.

Ila ile printa ya shemeji ilinisaidia kitu kimoja, ilinifundisha kupiga hesabu ya ukurasa mmoja. Maana dukani wote tunauliza mashine bei gani, na muuzaji anajua hilo, ndo maana anakuonyesha ile ya laki na nusu iliyokaa mbele kabisa. Hizo ndogo za katriji zinauzwa rahisi kwasababu hela yenyewe watakuja kuichukua kwenye wino. Chukua mfano katriji nyeusi ya HP 123, zile zilizoenea sana huku kwenye DeskJet ndogo. Imekadiriwa kutoa kurasa 120 hivi, ya rangi kurasa 100. Sasa tuseme umeipata kwa elfu 40, gawanya kwa 120, ukurasa mmoja unakula shilingi 333 za wino peke yake, hujaweka karatasi, hujaweka umeme. Stesheneri 200! Yaani unanunua mashine ili ulipe zaidi ya unavyolipa kwa jirani, na kufokea mashine juu.

Na hizo kurasa 120 zenyewe usizichukulie kama ahadi. Kuna vipimo vya kimataifa, ISO 24711 kwa printa za wino wa rangi na ISO 19752 kwa tona nyeusi (tona ndo ule wino wa unga wa printa za leza), wanaprinti kurasa za majaribio mfululizo mpaka kitu kinaisha kisha wanahesabu. Kadirio ambalo mafundi wanalizungumzia kila siku ni la ukurasa wenye wino kwenye asilimia 5 tu ya karatasi, yaani kama barua fupi ya ofisini. Pakeji ya chekechea yenye simba mzima, mti wa maembe na fremu nyeusi kuzunguka ukurasa haiko kwenye asilimia 5, hiyo inakunywa wino kwelikweli. Kwahiyo ukisoma namba kwenye boksi ipunguze kichwani kabla hujaamini.

Sasa nikaanza kuulizia, na ukiulizia kwa mtu anayejua utaona majibu yanaishia sehemu mbili, printa ya tangi au leza.

Za tangi ni zile zenye vyumba vya wino pembeni au mbele, unanunua chupa unamimina. Historia yake mi huwa inanifurahisha. Watu wa Indonesia walikuwa wamechoka na bei ya katriji, mafundi wao wakawa wanatoboa printa, wanapitisha mipira myembamba mpaka kwenye chupa za wino zilizokaa nje, kama zile ambazo hata hapa Dar kwenye stesheneri za zamani ulikuwa unaziona, printa imezungukwa na mipira utafikiri mgonjwa wa dripu. Epson wakaona bora wawape watu wanachokitaka, wakaanza kuuza printa ya tangi ya kiwandani hukohuko Indonesia mwaka 2010. Wengine wakafuata, Canon na zile G zao, HP, Brother, mpaka leo zimejaa kila duka.

Kwenye hesabu sasa. Chupa nyeusi ya Epson 103, inayotumika kwenye L3110, L3210 na L3250 zinazouzwa sana huku, ina mililita 65 na inakadiriwa kurasa 4,500. Zile tatu za rangi kwa pamoja 7,500. Chupa nilizikuta zinacheza kwenye elfu 20 na kitu mpaka 30 kutegemea duka na mdomo wako. Chukua elfu 25 gawanya kwa 4,500, unapata kama shilingi 5 na nusu kwa ukurasa. Nilirudia hiyo hesabu kwenye kalkuleta nikidhani nimekosea sifuri. Hata ukikata nusu kwa ajili ya masimba na miembe ya chekechea bado ni shilingi 11.

Ubaya ni kwamba mashine yenyewe ni ghali, kipindi naulizia hizo za tangi zilikuwa kuanzia laki nne na nusu hivi kwenda laki sita, yenye waifai juu zaidi ya isiyo na waifai. Hapo ndo kila mtu ajiulize mwenyewe. Kama laki tano ungeenda nayo stesheneri kwa shilingi 200 ungepata kurasa 2,500. Familia inayoprinti barua ya mjumbe na tiketi ya basi mara mojamoja haifikishi 2,500 hata kwa miaka, na mi watu wa hivyo nawaambia wazi achana nayo, weka flashi mfukoni nenda stesheneri, hela nunulia jiko la gesi. Mwenye watoto watatu na biashara ya vipaketi hiyo ni habari nyingine.

Leza nayo usiidharau, hasa kama huna shida na rangi. Zile HP LaserJet P1102 na 1020, Canon LBP2900 na LBP6030, za mtumba zimejaa na mafundi wote wanazijua kama wanavyojua bodaboda, spea zipo, tona zipo mpaka mikoani. Tona ya 12A inakadiriwa kurasa 2,000, 85A kurasa 1,600. Za kopi, yaani zisizotengenezwa na kampuni ya printa yenyewe, zipo mpaka za elfu 30 hivi, ukigawa kwa 1,600 ni kama shilingi 19 kwa ukurasa, sio mbaya hata kidogo, na kuna mafundi wanajaza unga kwa bei ya chini zaidi ya hiyo. Lakini sifa yake kubwa kwangu sio bei. Tona ni unga mkavu, haigandi. Leza unaweza kuifunika kitambaa miezi, siku ukiiwasha inaprinti kama vile uliitumia jana. Ya wino ukiifanyia hivyo imekula kwako.

Dada yangu wa Mbagala anafundisha tyusheni na kazi yake inakuja kwa vipindi, wiki ya mitihani anaprinti kama mwendawazimu alafu mwezi mzima hagusi. Yeye aliponiuliza nikamwambia chukua leza ya mtumba, tukaenda wote kuichagua. Vitu tulivyoangalia ni vya kawaida tu ila vinasaidia sana. Tulimwambia muuzaji aprinti kurasa kumi mfululizo, sio moja, kwasababu rola ya kuvuta karatasi ikiwa imeisha itaanza kuvuta mbilimbili au kukosa kabisa, na hiyo kwenye ukurasa mmoja huioni. Alafu ukurasa mweusi mtupu, ili uone kama kuna mistari myeupe inashuka. Alafu maandishi yakitoka yakiwa bado ya moto unasugua na dole gumba, yakifutika ujue sehemu ya kuchomea imechoka, kwenye leza unga unayeyushwa kwa joto ndo unashika karatasi, joto likiwa halitoshi unga unabaki juu kama vumbi. Na kama kuna alama inajirudiarudia kwa umbali uleule kwenye karatasi, hiyo mara nyingi ni ngoma, ile silinda ya kijani au bluu, imekwaruzwa. Bahati nzuri kwenye hizo za 12A na 85A ngoma iko ndani ya tona yenyewe, ukibadilisha tona na tatizo linaondoka, kwahiyo hiyo sio sababu ya kukimbia, ni sababu ya kuomba punguzo. Dada aliomba punguzo na akapewa.

Mambo mawili ya leza niyaseme hapahapa nisisahau. Moja, inapoprinti inavuta umeme mwingi kwa ghafla, mamia ya wati, ukiwa umeichomeka kwenye UPS ndogo ya kompyuta au kwenye sola ya kuchajia simu italia au itazima kila kitu, ya tangi yenyewe inatumia wati kumi na kitu tu. Pili, unga ukimwagika kwenye nguo usikimbilie maji ya moto, joto ndo linaloushikisha, kung'uta nje kwanza alafu maji ya baridi.

Mi nikachukua ya tangi, kwasababu ya stika za rangi na kwasababu nyumbani kwetu printa haikai bila kazi. Jina lake silitaji kwasababu nitakuja kuisema vibaya huko mbele na sio haki maana zote zina tabia zinazofanana.

Kuishi na printa ya tangi kuna adabu zake. Ya kwanza, iprinti kitu chenye rangi zote nne walau mara moja kwa wiki. Vitundu vya kutolea wino ni vidogo kuliko unywele, joto letu hili la Dar wino unakauka humo humo. Sisi tuna picha moja ya bendera bendera hivi na mistari, mtoto anaiprinti Jumamosi nyuma ya karatasi iliyotumika, imeisha hiyo. Ya pili, zima kwa kitufe cha printa, usizime ukutani. Ukibonyeza kitufe utasikia kichwa kinatembea kwenda pembeni, kule kuna kifuniko cha mpira kinachokiziba kisikauke. Ukichomoa ukutani kichwa kinaweza kubaki katikati mdomo wazi usiku kucha. Sasa fikiria LUKU ikate katikati ya pakeji ya hisabati. Ilitutokea, usiku, wakala kashafunga na simu haina salio, asubuhi nimeweka umeme nikaprinti ukurasa wa majaribio, njano haipo na bluu inatoka kwa mistari mistari. Siku hizi kabla ya kazi kubwa naangalia kwanza mita ina yuniti ngapi, wala sioni aibu.

Na hapo kwenye kusafisha kichwa ndo watu wengi wanamwaga hela bila kujua. Printa ina setingi ya kujisafisha, ukiibonyeza inavuta wino kwa nguvu kupitia vitundu ili kuzibua. Huo wino unaenda wapi? Unaenda kwenye sponji iliyoko chini ndani ya mashine. Kwahiyo ukibonyeza mara tano mfululizo kwa hasira umepunguza tangi na umejaza sponji. Safisha mara moja, printi karatasi ya kukagua, ikigoma rudia, ikigoma tena zima mashine iache ipumzike mpaka kesho yake, wino uliokauka unapata muda wa kulainika, mara nyingi asubuhi unakuta mstari umerudi wenyewe. Yangu njano ilirudi hivyohivyo.

Hiyo sponji nayo ina kisa. Printa inahesabu yenyewe kila tone linaloenda kule, ikifika kiwango ilichopangiwa inagoma, taa zinawaka kwa kupokezana, na kwenye kompyuta inakuja taarifa ya kutisha kwamba kuna sehemu imefika mwisho wa maisha yake. Yangu ilivyofanya hivyo fundi wa kwanza niliyempelekea alitikisa kichwa kama daktari, akasema "dada hii bodi," akataja na bei. Nikaichukua nikarudi nayo. Fundi wa pili kijana mdogo tu akacheka, akafungua nyuma, akatoa sponji imeloa nyeusi tii kama mkaa uliolowa, akaweka nyingine, akachomeka kompyuta yake akariseti ile kaunta, mashine ikawaka. Sasa sikiliza hapa, kuna watu wanariseti kaunta tu bila kubadilisha sponji kwasababu ni rahisi, hiyo utakuja kukuta wino umetapakaa juu ya kabati. Riseti iende na sponji mpya. Ukiwa bado hujanunua, uliza kama hiyo unayoitaka ina boksi la wino taka ambalo unabadilisha mwenyewe, baadhi ya matoleo ya karibuni yamewekewa, ni kitu kidogo ila kinakuondolea safari ya kwa fundi.

Kuhusu wino wa kopi watu wanabishana sana. Msimamo wangu ni huu, kwenye printa ya katriji ambako orijino inakutoa shilingi mia tatu kwa ukurasa namwelewa anayetafuta kopi, ingawa na kwenyewe kuna mitego ya chipu, kile kidude cha kwenye katriji ambacho printa inakisoma kujua ni ya nani, mwaka 2016 HP printa zao kadhaa za OfficeJet zilianza kukataa katriji za watu wengine zikiwa zimeshanunuliwa na ziko ndani zinafanya kazi, mpaka kelele zilivyozidi wakaomba radhi na kutoa programu ya kuondoa hicho kizuizi. Lakini kwenye tangi, orijino ni shilingi 5 na nusu. Unataka kuokoa nini hapo? Shilingi mbili? Uhatarishe kichwa cha printa kwa shilingi mbili? Mi naweka orijino, naangalia sili haijaguswa, naomba risiti ya EFD, na kama chupa moja inauzwa nusu ya bei ya mtaa mzima naiacha palepale. Na usiache tangi likauke kabisa mpaka hewa iingie kwenye mipira, ukiona imekaribia mstari wa chini jaza.

Stika nazo zilinipa somo. Wino wa printa za nyumbani uko wa aina mbili, kuna wa dai ambao rangi imeyeyuka kabisa kwenye maji, na wa pigmenti ambao rangi ni chembe ndogo sana zinazokaa juu ya karatasi. Dai ukiguswa na maji unatembea. Stika zangu za kwanza zilitoka zinapendeza, jani la mdalasini limekolea, mteja mmoja ana genge akazipanga karibu na ndoo ya samaki, jioni ananitumia picha jina la biashara limekuwa ukungu wa zambarau. Kuna printa kama baadhi ya zile Canon za G ambazo nyeusi ni pigmenti ila rangi ni dai, kwahiyo maandishi yanasalimika picha inaondoka. Dawa yangu ilikuwa selotepu pana ya kung'aa juu ya kila stika kabla ya kukata, kazi ya mikono lakini inashika. Ukiamua kuprinti stika kwenye leza haitembei maana ni unga ulioyeyushwa, ila hakikisha karatasi ya stika imeandikwa ni ya leza, ya kawaida gundi inaweza kulainika kwa joto stika ikabanduka humo ndani ikajiviringisha kwenye rola, na hapo utamtafuta fundi.

Sasa kitu ambacho sikukitarajia. Wino ukishashuka mpaka shilingi 5, 10, kinachokula hela ni karatasi! Rimu ya kurasa 500 kwa elfu 12 ni shilingi 24 kwa karatasi moja. Kwahiyo zile mbinu zote za kubana wino zinakuwa mambo madogo. Mfano kuna chuo Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin pale Green Bay, mwaka 2010 walibadilisha fonti ya barua pepe zao kutoka Arial kwenda Century Gothic kwasababu ina mistari myembamba na inatumia wino kidogo. Sawa, kwa wenye katriji hiyo ina maana. Lakini Century Gothic herufi zake ni pana, ukurasa mmoja unaweza kuwa mmoja na robo, na kwa mimi mwenye tangi hiyo ni hasara, naokoa wino wa shilingi natumia karatasi ya shilingi 24.

Kwahiyo nguvu nimehamishia kwenye karatasi. Pakeji zinaprintiwa pande mbili, na zile za maelezo tupu ambazo mtoto hajazi kitu naweka kurasa mbili kwenye upande mmoja, macho yao bado mazuri. Rimu naipima. Usicheke, karatasi ya A4 ya gramu 80 inatakiwa iwe na uzito wa gramu 5 hivi, maana karatasi 16 za A4 zinafanya mita moja ya mraba, kwahiyo rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Rimu ya gramu 70 ni kilo mbili na gramu 200 hivi. Kuna rimu zimeandikwa 80 nje, ukiiweka kwenye mzani wa mangi unaona mshale umegoma njiani, hapo ama karatasi ni nyepesi ama zimepungua idadi. Mangi wa kwetu alinishangaa ila sasa hivi na yeye anapima zake za duka. Na usiache karatasi zimekaa kwenye trei ya nyuma siku nzima, unyevu wa pwani unazikunja zinaanza kukwama, mi nazirudisha kwenye mfuko wake nafunga na rababendi, na trei naifunika, tangu siku nilipovuta karatasi nikavuta na mjusi.

Kuna mbinu moja tu ya wino ambayo hata kwenye tangi naifanya. Walimu wengine hawatumi PDF, wanapiga picha ukurasa wa kitabu kwa simu, usiku, kivuli cha mkono juu yake. Ukiprinti ile picha kama ilivyo printa inapaka kijivu ukurasa mzima, kwasababu kwenye picha ile karatasi sio nyeupe, ni kijivu, na yenyewe inatii. Fungua kwanza kwenye apu ya kuskani, hata ile ya ndani ya Google Drive, chagua nyeusi na nyeupe, nyuma inakuwa nyeupe kabisa yanabaki maandishi. Wino kidogo na mtoto anasoma bila kukunja uso. Skrinshoti za simu zenye mandhari nyeusi usiprinti kamwe, badilisha iwe nyeupe kwanza. Alafu kwenye setingi za printa ukiwa unataka nyeusi chagua nyeusi na nyeupe kabisa, la sivyo printa nyingine zinachanganya rangi tatu ili kupata weusi, unashangaa bluu inapungua wakati hujaprinti hata picha moja.

Majirani nao ukishakuwa na printa watakujua. Mwanzoni wanakuja na karatasi moja, "mama naomba uniprintie hii tu," nawe unaona aibu kudai. Nikaweka bei, 100 nyeusi na 300 ya kala, kwa upole tu, na mtu akija na kitabu kizima namwambia alete na rimu. Flashi sizipokei, zina virusi vya kila aina, atume kwenye WhatsApp. Hizo mia mia zinanunua karatasi za watoto, likizo iliyopita sikutoa hela mfukoni kwa rimu hata moja.

Nimeulizia pia zile zinazogeuza karatasi zenyewe kuprinti pande mbili. Dukani tofauti ya bei na hii yangu ilikuwa kama laki mbili na nusu, na karatasi utakayookoa ni ileile unayookoa ukigeuza kwa mkono, kwahiyo unalipia mkono tu. Kwa sasa kugeuza ni kazi ya kijana wangu wa kwanza, ameshajua karatasi inaingia ikiangalia wapi na kichwa kielekee wapi, kurasa za witiri kwanza alafu za shufwa. Ameshaanza kudai posho.